Yowe Lililopita Kando

Kefa Silwimba hakuwa mtu mbaya, na hilo ni bora lisemwe mapema kabla hajayaharibu mambo. Alikuwa mchapakazi, hakunywa kupita kiasi, na kanisani hakuingia amechelewa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni wivu. Tena si ule wivu mdogo ambao kila aliyeoa mke mzuri huuweka akiba kwa siku ya ugomvi. Wivu wa Kefa ulikula naye, ukalala naye, na asubuhi uliamka kabla yake.

Kazi yake ilikuwa waya wa simu. Alijifunza kazi hiyo katika Keya, jeshi la Mwingereza, huko Bama ya Asia, na aliporudi kutoka vitani serikali ikampa kipande cha kutoka Mlowo hadi Tunduma akitunze. Nguzo zisianguke, vikombe vyeupe vya kauri vinavyoshika waya visivunjwe kwa manati, na waya usikatwe na wale ambao kila waonapo waya huona bangili. Kefa alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Akiwa juu ya nguzo, mkanda wa ngozi kiunoni, aliwaambia wapita njia kwamba neno la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hupita kichwani pake na kufika Tunduma kabla wao hawajamaliza kupiga chafya.

Lakini neno alilolitaka yeye halikupita kwenye waya. Lilikuja kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya Lusubilo.

Lusubilo alikuwa tarishi wa barua. Alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, mrefu, mwepesi, mwenye kicheko kilichotangulia mbele yake njiani. Zamani kidogo, kabla Nesta hajaolewa na Kefa, Lusubilo alituma mshenga kwa Rubeni Simbeye, baba yake Nesta, kumposa binti huyo. Rubeni alimwuliza binti, na binti akasema moyo wake uko kwa Kefa. Mambo yakaishia hapo. Mtu mwingine angeshukuru na kulala. Kefa alishukuru, lakini hakulala.

Sasa Nesta alikuwa mjamzito, na kwa desturi mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Akarudishwa kwa Rubeni, ng'ambo ya mto Nkana, mvua za kwanza zilipoanza. Na kwa desturi hiyohiyo, mkwe hakanyagi ua wa mama mkwe wake mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na yeye aitwe rasmi, apikiwe chakula, afunguliwe mdomo wa kusema na wakwe. Basi Kefa, mume halali, akazuiliwa. Lusubilo, aliyekataliwa, alipita pale kila safari na mfuko wake wa barua, akapewa maji ya kunywa, akaketi kivulini. Kama unataka kumtesa mtu mwenye wivu, usihangaike kutafuta fimbo. Mpangie mambo namna hiyo, kisha uende zako.

"Silwimba," Lusubilo angesema akifika chini ya nguzo, jasho likimtiririka, "Nambeye anakusalimu. Anasema yu mzima, ila miguu imevimba kidogo."

"Haya," Kefa angejibu kutoka juu, bila kushuka.

Sasa huko, mtu anayepokea salamu iliyobebwa na mwenzake husema "nimepokea". Ni neno dogo, lakini ndilo linalomtua mjumbe mzigo wake. Kefa hakulisema kwa Lusubilo hata mara moja. Alisema "haya", kama anayemfukuza kuku, na Lusubilo alicheka, akajitwika mfuko wake, akaenda.

Zikibaki nyayo tu njiani, Kefa alianza kazi yake ya pili, ile asiyolipwa na mtu. Amejuaje kwamba miguu imevimba? Ameiona? Ameonyeshwa? Alikaa umbali gani hata aione? Naye Nesta, mwanamke mwenye mume, anamwelezaje tarishi habari za miguu yake? Kefa alikazia waya huku akikazia na maswali hayo, mpaka akawa hajui ni kipi kitakatika kwanza.

Jambo moja tu lilimtuliza. Lusubilo alisema "Nambeye". Kwa Wanamwanga, kabila la Kefa na Nesta, mwanamume wa ukoo ni Si, mwanamke ni Na. Binti yeyote wa Simbeye ni Nambeye, na ndivyo wanaume wa nje humwita kwa heshima. Jina lake la ubatizo ni la mumewe na la ndugu zake. Kwa mwanamume mwingine kulitaja ni kama kuingia jikoni kwa watu bila hodi. Kefa alikuwa ameweka nadhiri moyoni: siku Lusubilo atakapotaja jina la Nesta kwa kinywa chake, siku hiyo nitajua. Hatanidanganya tena. Na kila salamu ilipokuja, alitega sikio kusikia jina hilo, na lisipotajwa, alipumua huku akikereka kidogo, kwa maana mwenye wivu akikosa ushahidi huona ameibiwa.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Watu wa Mbozi wanaijua mvua, hawaiogopi, lakini ile ilinyesha mpaka kahawa ikasimama ndani ya maji na kuta za nyumba zikaanza kulegea. Nkana ulifurika. Kwanza ulichukua daraja la magogo, kisha ukachukua mashamba ya kingoni, kisha ukala udongo chini ya nguzo za simu, na nguzo ya upande wa Tunduma, upande aliokaa Kefa, ikalala majini na waya wake. Karani wa posta wa Tunduma akamtumia Kefa neno kupitia kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapanda barabara kwa miguu: mashine imekufa, haitoi hata mlio, njoo uone.

Kefa alikuja, akaona. Alisimama juu ya kilima kinachotazama mto, mahali ambapo nguzo yake ya mwisho iliyo nzima ilibaki imesimama, akatazama maji mekundu yakipita na miti mizimamizima. Ng'ambo, kwa mbali, aliona moshi wa kijiji cha Rubeni ukijikongoja kutoka katika mapaa yaliyolowa. Nesta yuko pale, aliwaza. Na mwezi wake umetimia.

Aliyajua yote ambayo yangeweza kutokea. Kule kwa Rubeni hapakuwa na mkunga tangu bibi mzee aliyekuwa akiwazalisha alipofariki. Mkunga aliyekuwa anategemewa ni Ketrina, mama wa misheni, naye alikaa upande huu wa mto, nyuma ya vilima viwili. Siku za kawaida alivuka daraja, akafika. Sasa daraja lilikuwa limekwenda ziwani Rukwa. Waya umekufa, barabara imekufa. Kilichobaki ni kile kilichokuwapo kabla ya Wazungu kuja na vikombe vyao vya kauri, yaani yowe.

Nchi ile ni ya vilima, na vilima vina masikio. Mtu akipata shida, hupanda mahali pa juu, akaweka viganja mdomoni na kupiga yowe. Anayesikia kwenye kilima cha pili huitikia "nimepokea", kisha akiacha jembe au chungu cha ugali, hugeuka na kulipitisha kwa kilima kinachofuata. Hakuna ruhusa ya kuuliza ni la nani. Wazee wa huko husema yowe si la kulala nalo. Hata kama aliyelipiga ni adui yako, hata kama mna kesi barazani, unalipokea, unalipitisha, mnaendelea kuchukiana kesho.

Mchana ule mvua ilipungua kidogo, ikabaki rasharasha. Vibarua wa Kefa walikuwa wamekwenda porini kukata mti wa nguzo mpya. Yeye alikuwa juu ya nguzo yake anafungua kikombe kilichopasuka, ndipo aliposikia.

Lilianza kama yowe lolote, sauti ndefu inayopanda, kisha kimya cha kuvuta pumzi. Kefa aligeuka. Ng'ambo ya mto, juu ya jiwe, alisimama mtu mrefu na mfuko begani. Hakuhitaji kuuliza. Angeutambua urefu ule hata ndotoni, na huko ndiko alikouona mara nyingi zaidi.

"Nestaaa!" Lusubilo aliita. Mto uliguruma, lakini sauti ya tarishi yule ilikuwa imezoea kuita watu mashambani. "Ni Nestaaa!"

Kefa hakusikia lililofuata. Si kwamba halikufika. Lilifika, na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini jina lile lilipoingia, liliziba mlango nyuma yake. Nesta. Si Nambeye, si mke wa Silwimba. Nesta, tena kwa kulivuta, mchana kweupe, mbele ya vilima vyote. Kefa alihisi damu ikimpanda mpaka machoni. Kumbe. Kumbe ndivyo anavyomwita wakiwa kivulini. Sasa mto umefurika, anajua siwezi kuvuka, ameona ni wakati wa kunitangazia. Mwanamume mzima ananiimbia jina la mke wangu kutoka upande aliko mke wangu.

Alimwona Lusubilo akiweka tena viganja mdomoni. Walitazamana. Umbali ulikuwa mkubwa, lakini mtu hujua anapotazamwa. Kisha Kefa akafungua mkanda, akashuka nguzo, akampa kisogo, akaenda upande wa pili wa kilima ambako sauti haifiki. Huko akakaa chini ya kichaka, akachukua nyundo yake na kuanza kunyoosha misumari iliyopinda. Aligonga kwa nguvu. Kila msumari aliupa jina, na jina lenyewe lilikuwa moja.

Ajuaye wivu anajua kwamba mwenyewe huwa ana mawakili wawili kichwani, na wote wanamtetea. Yowe? wakili wa kwanza alisema. Lile si yowe, ni matusi. Na kama lingekuwa yowe, wa pili akasema, angeita kwa heshima kama watu. Kefa aliwakubalia wote wawili. Lakini chini kabisa, chini ya mawakili, kulikuwa na kitu kidogo kilichonong'ona kwamba yowe lina mwanzo wake, na mwanzo ule alikuwa ameusikia. Akagonga msumari zaidi ili asikisikie.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipotokea mwanamke akipanda kilima, sketi imefungwa magotini, matope mpaka mapajani, kikapu kichwani kimefunikwa turubai. Alikuwa Ketrina, mkunga wa misheni, mama mnene asiyependa kupanda vilima wala kusubiri.

"Silwimba," alisema akihema, "umekaa hapa unagonga misumari?"

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna nini, unaniuliza mimi." Alitua kikapu. "Mke wako ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Yowe limekuja. Limetoka kwa Tabita, yule anayelinda shamba la ulezi upande wetu huu, kule mto unakotoka. Amelipokea kutoka kwa tarishi, akalipitisha, likazunguka vilima vyote vya huko hadi misheni. Nimeshangaa sana. Kilima chako ndicho kinachotazamana na kijiji. Kwa nini yowe lizunguke huko kote kama mbwa aliyefukuzwa?"

Kefa alitazama chini. Misumari ilikuwa mkononi mwake, na kila mmoja ulikuwa umenyooka vizuri.

"Alilia nini?" aliuliza hatimaye. "Tarishi. Tabita alisema alilia maneno gani?"

"Alilia kama watu wanavyolia. Nesta, mke wa Silwimba wa waya, anazaa na ameshindwa, mleteni Ketrina."

"Kwa nini ataje jina?"

Ketrina alimtazama kama anayetazama kidonda asichokitarajia. "Angesema nini? Nambeye? Pale kwa Rubeni kila mlango una Nambeye. Mabinti wa ukoo ule, wadogo zao, binti za ndugu zao, wote Nambeye, na wawili wengine wana mimba. Ungetaka nivuke mto nikamzalishe yupi?"

Kuna aibu inayokuja taratibu, mtu akapata nafasi ya kujiandaa. Hii haikuja hivyo. Ilimwangukia Kefa yote kwa pamoja, na juu yake hofu, na hofu ilikuwa nzito zaidi. Tangu mchana. Nusu siku nzima mke wake analia, na yeye ananyoosha misumari. Aliinuka.

"Nivushe," Ketrina alisema. "Wameniambia wewe una kamba na vyuma. Kama huna, niambie, nirudi nikamwombe Mungu nikiwa pakavu."

Hapo ndipo fundi aliposhika nafasi ya mume, na ilikuwa heri, kwa maana mume hakuwa na akili yoyote iliyobaki. Waya. Nguzo ya upande huu ilikuwa imelala majini, lakini waya haukukatika. Ncha moja ilikuwa hapa, imefunikwa na matope ya kingo. Nyingine bado ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya ng'ambo, na nguzo ile ilikuwa imeinama lakini haijang'oka. Serikali ilikuwa imeweka waya ule upitishe maneno. Leo haungepitisha hata neno moja, lakini chuma ni chuma.

Vibarua wake walirudi na mti begani, akawaita mbio. Waliuvuta waya kutoka matopeni, wakauzungushia mti wenye mizizi, wakaukaza kwa koleo lake kubwa mpaka ukainuka kutoka majini ukitiririka. Nguzo ya ng'ambo ilitikisika. Haingeweza kubeba mtu mzima peke yake. Ilihitaji kufungwa nyuma, kwenye mkuyu uliokuwa pale. Na aliyekuwa pale, akiwa amerudi kingoni na sauti iliyokauka, alikuwa mtu mmoja.

Kefa alisimama ukingoni. Ilimpasa kumwita kwa jina. Ilikuwa rahisi zaidi kuingia majini.

"Lusubilo!" aliita. "Funga nguzo kwenye mkuyu! Tumia ule waya wa akiba uliozungushwa chini ya nguzo! Ukaze!"

Lusubilo aliinua mkono. "Nimepokea!" aliitikia.

Neno lile lilivuka mto bila shida yoyote. Kefa aligeuza uso.

Walimfunga Ketrina kwenye mkanda wa ngozi wa Kefa, mkanda ukaning'inizwa kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, na kapi ikakaa juu ya waya. Kikapu alikikumbatia kama mtoto. Alianza zaburi, akaikatisha katikati ili awatukane vibarua kwa kutikisa, akairudia. Walimwachia kidogokidogo kwa kamba. Katikati ya mto waya ulishuka mpaka maji yakamlamba miguu, na gogo likapita chini yake karibu kabisa. Kefa alishika koleo kwa mikono miwili mpaka viganja vikachubuka. Ng'ambo, Lusubilo alikuwa ameegemeza mgongo wake wote kwenye nguzo, miguu imezama matopeni. Waya ulikuwa mmoja. Kefa akivuta upande huu, alihisi uzito wa mwenzake upande ule, na wala hakuweza kuuachia hata kwa sekunde moja. Ketrina alifika, akadakwa, akawekwa chini.

Kisha Kefa alitazama yaliyofuata, na hayo ndiyo yaliyomchoma kuliko mto. Lusubilo alitwaa kikapu, akamshika mkunga mkono, wakakimbia kuelekea kijijini. Kwenye nyumba alimo mke wake. Kefa alibaki amesimama ukingoni, mume, baba, fundi wa serikali, akimtazama mtu yule akiuingia ua ambao yeye mwenyewe amekatazwa. Safari hii alimwomba Mungu tarishi akimbie zaidi. Na hata katika sala ile, mtu huyu asiyeponyeka, alitamani miguu ile iwe yake.

Giza lilikuwa linaanza kufunga wakati yowe lilipokuja tena. Kefa alikuwa juu ya nguzo. Alikuwa amepanda bila kazi yoyote ya kufanya huko juu.

"Nesta, mke wa Silwimba!" Lusubilo aliita kutoka juu ya jiwe, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa imepasuka. "Amejifungua mwana wa kiume! Wote wazima!"

Kefa alifungua mdomo. "Nimepokea!" alilia. Akageuka kuelekea vilima vya nyuma, akaweka viganja mdomoni, akalipitisha, jina na yote, akilia machozi ambayo mvua ilimsaidia kuyaficha. Kilima cha pili kikaitikia. Kisha cha tatu, kwa mbali, mpaka habari ikapotea upande wa misheni.

Mto ulipopungua, Kefa aliitwa kwa Rubeni. Alikwenda na jembe jipya na blanketi la mama mkwe, akapikiwa kuku, akafunguliwa mdomo. Nesta alitoka akiwa amekonda, macho makubwa, mtoto kifuani, akamtazama kwa namna ambayo ilimfanya aone kwamba maswali yake yote ya juu ya nguzo yalikuwa ya mtu mjinga. Kefa alikuwa na jina tayari mfukoni. Angemwita mtoto Enoka, kwa jina la marehemu baba yake.

Rubeni alisafisha koo. Alikuwa mzee mfupi, mzee wa kanisa, lakini desturi za ukoo hakuziachia mtu.

"Mtoto huyu ni mtoto wa yowe," alisema. "Nasi tunajua mtoto wa yowe anaitwaje. Jina linatolewa na aliyepokea yowe la kwanza, kama ni wa damu. Kama si wa damu, mtoto anachukua jina la aliyelipiga. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yangu." Akamgeukia mkwe wake kwa upole. "Silwimba, yowe la kwanza lilipigwa mkabala na kilima chako. Watu wanasema mwanamke wa ulezi ndiye aliyelipokea. Lakini nakuuliza wewe mwenyewe, maana wewe ndiye baba. Ulilisikia?"

Lusubilo alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko wake wa barua magotini, anatazama chini. Yeye alikuwa ameona. Alimwona Kefa akifungua mkanda, alimwona akishuka, alimwona akigeuka. Kefa alipima maneno mdomoni. Akisema alilisikia, wataulizana kwa nini halikupita. Nesta ataulizwa na kila mwanamke wa kijiji mume wake alimshuku nini. Akisema hakulisikia, Enoka anabaki mfukoni.

"Sikulisikia, baba," alisema.

Rubeni alimtazama Lusubilo, kama anayetaka ushahidi wa pili.

"Mto ulikuwa unaguruma, baba," Lusubilo alisema taratibu, bila kuinua macho. "Na Silwimba alikuwa kazini juu ya nguzo. Hata ningekuwa mimi, nisingesikia."

Kefa aliona ni afadhali angetukanwa. Matusi yana jibu. Mtu akikusitiri mbele ya wakwe zako, tena mtu huyo, utamjibu nini? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Kefa alikaa pale na mwiba wake, akitabasamu.

"Basi," Rubeni alisema, "mtoto ni Lusubilo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa Wandali jina hilo ni tumaini, mtu akaeleza, na wote wakaona ni jina zuri. Mama mkwe, ambaye sasa aliruhusiwa kusema mbele ya mkwe wake, alimwinamia Nesta na kumwita kwa mara ya kwanza jina ambalo tangu siku ile lingefuta mengine yote, maana mwanamke akishazaa haitwi tena kwa ukoo wala kwa ubatizo.

"Mama Lusubilo," alisema, "mpe baba yake amshike."

Kefa alimpokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na alifanana na marehemu Enoka kabisa, mpaka kwenye nyusi. Alimpenda papo hapo, bila maswali, na hilo halikusaidia kitu.

Nguzo zilisimamishwa upya, waya ukafufuka, na Tunduma ikaanza tena kuzungumza na dunia. Nesta alibaki kwa mama yake mpaka mtoto apate nguvu. Na siku moja Kefa alikuwa juu ya nguzo yake akisikia kicheko kikitangulia njiani, kisha miguu, kisha mtu mrefu akasimama chini, jasho likimtiririka, mfuko begani.

"Baba Lusubilo," tarishi aliita, "Mama Lusubilo anakusalimu. Lusubilo naye hajambo."

Kefa alitazama chini. Alitafuta kwenye uso ule dhihaka hata kidogo ya kushikilia, akaikosa. Akafungua mkanda, akashuka mpaka chini, akasimama mbele ya mtu yule.

"Nimepokea," alisema.